Boga lisilopikwa

Mama alifika Peoria, jimbo la Illinois, Marekani, Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi, kabla hata ya chai, alikuwa ameshaona kitu kule barazani kilichomkosesha raha. Maboga matatu kwenye ngazi, rangi ya chungwa, mviringo kama mipira. Aliligonga moja kwa kidole, akasikiliza, akaligonga tena, vilevile anavyofanya sokoni Lushoto. Kisha akaja jikoni.

"Baba, yale maboga mnayapika lini? Nazi ipo humu ndani?"

Huniita baba kwa sababu nimerithi jina la babu mzaa mama, na akiniita hivyo kwa sauti ile ya chini najua swali halijaja peke yake. Nikamwambia hayapikwi. Mwisho wa mwezi, kwa ajili ya Halloween, tutayatoboa macho na mdomo, tutawasha mshumaa ndani, na yakishaoza tutayatupa.

Hakusema kitu. Alikunywa chai. Ila mkate aliusogeza pembeni, na mimi nikajua nimeshtakiwa.

Sikumlaumu, maana kesi hiyo niliwahi kuisikiliza mwenyewe, kichwani mwangu, mwaka wangu wa kwanza hapa. Kwetu boga linachemshwa vipande na ganda lake, linaliwa asubuhi na chai ya rangi, na mtoto anayeliacha anaulizwa kama kashiba kwa jirani. Na kwa jirani kweli kulikuwa na kushiba: wao ni Waislamu, Ramadhani ikifika walipika maboga ya nazi na iliki, na sisi Walutheri wa ng'ambo ya ua tukafuturu bila kufunga. Sasa uje nchi ambayo watu wananunua boga kwa dola saba ili walikenulie meno. Mji mdogo wa Keene, kule New Hampshire, mwaka 2013 uliwasha maboga 30,581 yaliyochongwa, yote kwa usiku mmoja. Niliposoma takwimu hiyo nilianza kuzidisha kwa sufuria.

Lakini nilikuwa na mtoto anayeanza shule, na wenzake wote wana boga mlangoni. Nikanunua.

Nilikosea kila kitu kinachoweza kukosewa. Nilichonga wiki ya kwanza ya Oktoba, kwa kisu cha jikoni. Kisu kirefu kikiingia kwenye boga hunasa. Ukivuta hakitoki, ukiongeza nguvu kinachomoka ghafla, na hapo ndipo watu huenda kushonwa viganja. Mimi nilinusurika na mkwaruzo. Mfuniko niliukata wima, moja kwa moja kwenda chini, kama anayekata keki. Nilipourudisha juu ukatumbukia ndani ya boga na kuuzima mshumaa. Na zile siku zilikuwa na joto. Kufikia tarehe 20 boga langu lilikuwa limefanya kama babu asiye na meno: midomo imeingia ndani, kidevu kimekutana na pua, na ukungu mweupe kama pamba umejaa kooni. Wadudu wadogo walitoka machoni kila nikifungua mlango. Sikukuu yenyewe ilikuwa bado siku 11.

Aliyeniokoa ni mzee wa nyumba ya pili, mstaafu wa kiwanda cha matrekta, mtu asiyependa maneno mengi. Mwaka uliofuata alikuja na kimsumeno kifupi, bapa, cha meno madogo, kile wanachouza madukani kila msimu kwa bei ya soda, akaniambia kwanza nitupe wazo la kisu.

Mambo aliyonifundisha nayafuata mpaka leo. Chagua boga linalokaa vizuri chini bila kuyumba, lisilo na doa laini popote, na usilibebe kwa kikonyo hata kama kinakualika, kwa sababu kikikatika una jeraha ambalo uozo unaanzia hapo. Mfuniko ukate kwa kuinamisha msumeno kuelekea katikati, ili ukae kama kizibo cha chupa. Na mahali pamoja ukate pembe kidogo, ujue ulipotoka ndipo urudi. Wengine hawagusi juu kabisa: wanakata kitako, wanalitoa utumbo kwa chini, halafu wanalifunika juu ya taa kama unavyofunika chakula kwa kawa. Hilo huchukua siku nyingi zaidi, maana maji hayatuami ndani.

Kisha kukwangua. Hapa ndipo watu wavivu huharibu. Mbegu zikitoka na zile nyuzi zinazoteleza, mtu anadhani kazi imekwisha. Bado. Upande utakaobeba uso unatakiwa ukwanguliwe kwa kijiko kizito mpaka ukuta ubaki kama unene wa kidole gumba, sentimita mbili na nusu hivi. Ukuta ukiwa mnene msumeno unapinda njiani, na ukiwasha mshumaa jicho linaonekana kama shimo refu lisilo na mwanga. Ukizidi kuwa mwembamba, uso unanyauka kesho yake. Unakwangua, unapapasa kwa kiganja, unakwangua. Harufu yake ni ya tango na udongo uliolowa.

Unaanza kukata sehemu ndogo, pua na macho, mdomo mwisho, kwa sababu mdomo ndio unaoondolea boga nguvu. Kipande kikishakatwa pande zote usikichomoe kwa ncha. Ingiza mkono ndani ukisukume kitoke nje. Kinatoka kwa kishindo kidogo, "pop," na binti yangu hadi leo ananiachia kila kitu isipokuwa hicho kisukumo. Ukimaliza, paka kingo mafuta ya mgando zisikauke mapema. Washa mshumaa, funika, subiri dakika mbili, funua: palipoungua weusi kwenye mfuniko ndipo utoboe tundu la moshi.

Na uchonge siku tatu nne kabla, siyo wiki nne.

Basi, Mama. Jumamosi nilikwenda kazini. Niliporudi maboga barazani yalikuwa mawili.

La tatu lilikuwa kwenye sufuria na nazi ya kopo, na Mama amesimama mbele ya jiko akiliangalia kama mwalimu anavyomwangalia mwanafunzi aliyemwekea matumaini. Lilikuwa limetoa maji. Aliyapunguza, likatoa mengine. Akaongeza sukari, akaongeza iliki, akarudi kwenye chumvi. Tulikula. Kwa kweli ilikuwa kama kula kamba iliyolowekwa kwenye nazi.

"Limeiva bila utamu," alisema. "Boga gani hili?"

Boga la kazi nyingine, Mama. Mengi ya haya ya kuchongwa ni ya ukoo wa Howden: mkulima mmoja wa Massachusetts, John Howden, alianza miaka ya 1960 kuchagua mbegu za boga lenye umbo la kupendeza, ganda linalovumilia safari, rangi kali na kikonyo kinene. Ladha haikuwa kwenye orodha. Hivyo ule uchungu wangu wa mwaka wa kwanza, wa chakula kinachotupwa, haukuwa na msingi wote. Hapa hakuna aliyekinyima kinywa kitu kitamu.

Jumapili baada ya ibada nikampeleka Morton. Ni ng'ambo ya Mto Illinois, mwendo wa dakika ishirini. Wenyewe wanajiita makao makuu ya maboga duniani, na hawajatia chumvi sana, maana boga la kopo wanalopikia Wamarekani pai zao za Sikukuu ya Shukrani, Novemba, sehemu kubwa inasindikwa hapo. Mashamba bado yalikuwa hayajavunwa yote. Majani yamekufa, na maboga yamelala wazi kwenye udongo mweusi, maelfu kwa maelfu, lakini hakuna hata moja la rangi ya chungwa. Yana rangi ya kaki, yamerefuka kidogo, yana vumbi la unga juu ya ngozi. Ukipita haraka unaweza kudhani ni mawe.

Mama aliniambia nisimamishe gari.

"Hayo sasa ndiyo maboga."

Na wataalamu wa mimea wapo upande wake. Hilo la kopo linaitwa Dickinson, na ni *Cucurbita moschata*, jamii moja na maboga mengi tunayolima kwetu. La kuchonga ni *Cucurbita pepo*, ndugu wa mbali. Wote wawili kwao ni huku huku Amerika. Mbegu za pepo zilizofukuliwa kwenye pango moja la Oaxaca, Mexico, zina umri wa miaka kama 10,000. Boga tunalojidai nalo Usambara, la bibi na bibi yake bibi, ni mgeni aliyekuja kwa meli baada ya Wareno na Wahispania kuanza kuzunguka. Nilimwambia Mama hayo tukiwa kwenye kibanda cha mkulima kando ya barabara, akichagua. Alisema mgeni akikaa miaka mia nne na jembe analo, mwache. Tulinunua mawili. Yaliiva kwa maji yao wenyewe, na usiku huo hapakuwa na kesi mezani.

Iliyobaki ilikuwa kesi ya imani, nayo aliileta siku aliyoona mifupa ya plastiki imening'inizwa kwenye mti wa jirani.

"Tarehe 31 ni Siku ya Matengenezo," alisema. "Siku ya Luther ndiyo mnayoita mashetani?"

Mtu aliyelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, hulijua hilo kabla ya kujua siku ya uhuru: tarehe 31 Oktoba 1517, Wittenberg, Ujerumani, Martin Luther na hoja zake 95 za kulirekebisha kanisa. Nikamjibu kwamba hizo siku mbili ni ndugu. Tarehe mosi Novemba ni Watakatifu Wote, na neno lenyewe Halloween maana yake ni mkesha wa watakatifu. Luther alitoa hoja zake katika mkesha huohuo. Chini ya mkesha huo kuna kitu cha zamani zaidi, Samhain, sikukuu ya Wakelti wa kale wa Ayalandi, mwisho wa mavuno na mwanzo wa nusu ya giza ya mwaka, usiku ambao ukuta kati ya walio hai na waliokufa ulisemekana kuwa mwembamba. "Mkesha," alirudia Mama. Neno hilo lilimtuliza kidogo, sijui kwa nini. Labda kwa sababu mkesha una nyimbo.

Taa ndani ya tunda imeletwa na Waayalandi. Kwao hawakuwa na maboga. Walichonga tanipu, ule mzizi mgumu mfano wa figili nene, na kama unadhani boga lenye meno linatisha, tafuta picha ya sanamu ya plasta iliyonakiliwa kutoka tanipu ya kijiji cha Fintown, Donegal. Iko kwenye makumbusho ya taifa lao, kule Mayo. Ni kichwa kidogo kama ngumi, macho yamebonyea, kimekunjamana kama maiti. Walisimulia habari za mlevi mmoja, Jack bahili, aliyemdanganya Shetani apande mti kisha akachora msalaba kwenye shina asiweze kushuka, mpaka alipoapa kwamba roho yake hataichukua. Jack alipokufa mbinguni walimkataa, na jehanamu Shetani akatimiza ahadi yake: humu huingii. Akamtupia kaa moja la moto. Jack akalitia ndani ya tanipu, na anatembea nalo mpaka leo. Mtu wa pwani akisikia hadithi hiyo atasema huyo ni Abunuwasi, ila Abunuwasi asingekubali kuondoka na kaa moja.

Njaa kuu iliyoanza 1845 iliwatoa Waayalandi makwao, wengi mno wakavuka kuja Marekani. Huku wakakuta boga: kubwa, laini, karibu tupu tayari. Aliyewahi kutoboa tanipu hahitaji kushawishiwa.

Siku ya kuchonga tulitandika magazeti kwenye sakafu ya jikoni. Nilikwenda kununua jingine mahali pa lile lililopikwa, kwa hiyo yalikuwa matatu tena. Saa kumi na mbili na nusu giza limeshaingia, na ndipo Mama alipokubali kusimulia, kwa kuwa mchana hadithi hazitolewi, utaota mkia. Binti yangu anaijua amri hiyo na anaiogopa kuliko mizimu yote ya mtaani.

Ni hadithi ya kwetu Usambara. Watoto wanacheza shambani wanaona boga kubwa. Wanasema, tazama boga linavyokua! Boga linawajibu: "Nichume, nami nikuchume." Wanakimbia nyumbani, mama yao haamini. Boga linakua mpaka linakuwa kama nyumba. Siku moja linang'oka lenyewe, linabingirika kijijini, linameza watu wote na mbuzi na kuku, kisha linaingia ziwani na kutulia. Anabaki mwanamke mmoja mwenye mimba. Mtoto anazaliwa, anakua, anauliza baba yangu yuko wapi? Amemezwa na boga. Anachukua upinde, anasimama ukingoni, analiita litoke. Mshale wa kwanza, wa pili, mpaka wa kumi, na mlio wa kufa kwake ukasikika hadi Vuga. Akatoa kisu, akalipasua, watu wakatoka wakiwa hai wakiuliza: nani aliyetukomboa?

Nilimwonyesha Mama kwenye simu picha ya Travis Gienger wa Minnesota na boga lake la mwaka 2023, lililopimwa Half Moon Bay, California: zaidi ya kilo 1,240. Alilitazama muda mrefu.

"Hilo linamsubiri mtu," alisema.

Mjukuu alikuwa anakwangua kwa kubembeleza, kijiko kinapiga ukuta bila kutoa kitu. Mama akavumilia, akavumilia, mwishowe akamnyang'anya. "Lete, mke mwenzangu." Alilipakata boga mapajani, mkono wa kushoto umelikumbatia, wa kulia umezama ndani hadi kiwiko, na kijiko kikaanza kuzunguka kwa mlio mmoja usiokatika, kile kiganja cha nje kikisikiliza unene. Sikuwahi kumfundisha. Hakuna aliyemfundisha kwenye boga. Halafu akasimama ghafla, akacheka peke yake.

"Kumbe hiki ni kibuyu."

Tulimtazama.

"Kibuyu," alisema. "Nani amewahi kuuliza kibuyu kinapikwa lini? Unakipanda ukijua. Unakiacha kikomae, unakikata kichwa, unakitoa utumbo, unakisugua ndani kwa changarawe na maji mpaka kinaacha uchungu. Unakitilia maziwa, mafuta, asali. Mganga anatia mambo yake. Ninyi mnatia mshumaa." Akarudi kukwangua. "Mngeniambia tangu mwanzo kwamba ni kibuyu nisingekiweka kwenye nazi."

Miaka yote ile niliyokuwa najitetea kwa wageni kutoka nyumbani, nikieleza mila, watoto, shule, neno lilikuwapo na sikuliona. Wasomi wa mimea wana la kuongeza: kibuyu ndicho mwenyeji wa Afrika, na kilifika Amerika maelfu ya miaka kabla ya meli yoyote. Uchunguzi wa vinasaba uliotoka mwaka 2014 ulionyesha kwamba yaelekea vilielea kuvuka Atlantiki, vikatupwa ufukweni na mbegu zake zikaota. Nilimweleza Mama. Akasema ndiyo maana mkono wake umekitambua.

Hakutaka macho wala meno. Aliomba msumari, nikampa keke ya umeme, maana ganda ni gumu, nikabaki nimesimama nyuma yake kama fundi mkuu aliyekosa usingizi. Alifunua pindo la kanga yake, akaliweka juu ya boga, akachora kwa kalamu ya wino umbo la korosho, lile lenye kichwa kilichopinda. Kisha akatoboa matundu kufuata mstari, moja baada ya jingine, akipuliza unga wa chungwa kila baada ya tundu. Korosho sita zikazunguka boga zima. Ilimchukua saa nzima na robo. Binti yangu alikuwa ameshamaliza uso wake wenye meno manne na alikuwa amelala sakafuni.

Usiku wenyewe baridi ilikuwa ya kuvaa koti. Hapa taa ikiwaka kwenye boga mlangoni maana yake karibuni, pipi zipo. Nyumba yenye giza mnaipita. Ni usiku mmoja tu kwa mwaka ambao Mmarekani anapigiwa hodi na mtoto asiyemjua na hashangai. Mama alikaa kwenye kiti barazani, amejifunga kanga juu ya koti langu, bakuli la pipi mapajani. Kila aliyepanda ngazi, awe fuvu, awe malaika, awe yule aliyekuja ndani ya boksi la karatasi akisema yeye ni roboti, alimjibu: "Karibu, karibu mzimu wangu, chukua." Hakuna aliyemwelewa na wote walichukua.

Mshumaa ulipotulia, korosho zilitoka na kutua kwenye ukuta wa baraza, vidoa vya mwanga, vinatikisika kidogo upepo ukipita. Mzee wa nyumba ya pili alikuja na mjukuu wake. Alilitazama boga la Mama bila kusema, akachuchumaa, akaingiza kidole kwenye tundu moja kupima unene wa ukuta. Kisha akanigeukia mimi na kutikisa kichwa kukubali. Mimi miaka yote hajawahi kunikubalia.

Kindi walianza na boga la binti, wakala tabasamu. Baridi kali ya katikati ya Novemba ikamaliza yaliyobaki, nikayabeba kwa koleo hadi kwenye rundo la majani nyuma ya nyumba. Mama aliondoka Desemba na boga moja la kaki kwenye begi, ambalo uwanja wa ndege walimnyang'anya.

Juni nilikuwa nafyeka nyuma, nikakuta mmea umetambaa kutoka kwenye rundo, umeshika uzio, majani mapana kama sahani. Nilichuma machanga, nikayapika na karanga, nikaipiga picha sufuria, nikamtumia Mama. Msusa uliotoka kwenye taa. Niliongeza maneno mengi kuhusu mzunguko wa maisha na kadhalika.

Jibu lake lilikuja kwa sauti, sekunde nne.

"Baba, nyuzi ulimenya?"